Pono mistari-sita katika tangi la Nairobi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Natunza matangi ya maji ya chumvi hapa jijini: sebule za watu, kliniki za meno, hoteli mbili tatu. Kila tangi lenye samaki huyu huvuta watu, na maswali huwa yale yale. Nimeyakusanya ili mtu akinipigia simu nikiwa juu ya ngazi, mkono umezama majini hadi kwapani, nimtumie ukurasa huu. Si lazima usome wote. Nenda kwenye swali lako, na pale ambapo jibu lipo kwingine nimekuelekeza.

## Kumfahamu

Huyu samaki anaitwa nani?

Kwa wanasayansi ni *Pseudocheilinus hexataenia*. Sehemu ya pili imetokana na Kigiriki na maana yake ni tepe sita. Aliyemwandika kwa mara ya kwanza, mwaka 1857, ni Pieter Bleeker, daktari wa jeshi la Uholanzi aliyekuwa akifanya kazi Batavia, mji ambao leo unaitwa Jakarta.

Kwa Kiswahili mambo si rahisi hivyo. Jina *pono* hasa ni la wale samaki wenye mdomo kama wa kasuku, na huyu wetu ni binamu yao. Wataalamu wengi sasa huwaweka wote katika ukoo mmoja, Labridae, wenye aina zaidi ya 500. Kwa hiyo naona si kosa kumwita pono mistari-sita, na ndilo jina nitakalotumia hapa. Wateja wangu wamelikata zaidi. Wanamwita Mistari tu.

Nitamtambuaje?

Ni mdogo. Wengi wana urefu wa kidole cha shahada, na aliyekua sana hufika sentimita 10. Mwili ni wa zambarau inayoelekea buluu, na ubavuni mna mistari sita myembamba ya machungwa inayokwenda kichwani hadi mkiani. Mkia ni kijani. Kwenye shina la mkia, upande wa juu, ana doa dogo jeusi linaloonekana kama jicho, na jicho lenyewe ni jekundu.

Dukani, chini ya taa kali, asipotulia huonekana kama samaki wa hudhurungi tu. Mpe dakika tano. Akitoka kwenye kivuli cha jiwe akageuka ubavu, utaelewa kwa nini watu huacha magazeti yao pale kliniki.

Kuna wanaofanana naye?

Wapo ndugu zake wa karibu. *Pseudocheilinus octotaenia* ana mistari minane, ni mkubwa zaidi na mkali zaidi. *Pseudocheilinus evanidus* ni mwekundu, mistari yake ni myeupe na myembamba kama uzi, na hukaa maji ya kina zaidi. Muuzaji akikwambia "ni yule yule", hesabu mistari kabla ya kutoa pesa.

Si ndiye yule anayesafisha samaki wengine?

Hapana, na tafadhali usiwachanganye. Msafishaji ni *Labroides dimidiatus*: mwembamba, buluu kwa nyeupe, ana mstari mmoja mweusi mpana uliopita katikati ya ubavu. Yeye huishi kwa kula wadudu wanaong'ang'ania miili ya samaki wengine, na kwenye tangi la nyumbani chakula hicho hakitoshi. Wengi hufa njaa huku mwenye tangi akidhani ni wagonjwa. Mimi siwauzi wala simletei mtu.

Ni samaki wa ajabu, lakini. Mwaka 2019 watafiti wa Japani walichapisha majaribio waliyofanya nao: walimtia msafishaji alama ya rangi kooni, mahali asipoweza kuona bila kioo, wakamwekea kioo. Alipojiona alikwenda kusugua koo chini, kama mtu aliyegundua ana uji kidevuni. Mabishano juu ya maana yake bado yanaendelea.

Mistari naye hudonoa wenzake mara moja moja, ila usimtegemee kwa kazi hiyo. Tazama swali la madoa meupe.

Kwao ni wapi?

Kwao ni pana mno: kuanzia Bahari ya Shamu na pwani yetu ya Afrika Mashariki, kupitia Bahari ya Hindi, hadi visiwa vya Tuamotu katikati ya Pasifiki. Hukaa kwenye miamba ya matumbawe, kuanzia maji ya mita moja au mbili hadi karibu mita 35, na hupenda zaidi matumbawe ya matawi, mahali penye vichochoro vya kupenya. Hapa Kenya yupo. Muungano wa kimataifa wa uhifadhi, IUCN, unamweka katika kundi la viumbe wasio na hofu kubwa ya kutoweka.

Huliwa?

Nimeulizwa hili zaidi ya mara moja, tena na watu wazima. Hata paka hashibi.

## Tabia zake

Usiku anatoweka kabisa. Amekufa?

Amelala. Na hapa wahenga walikuwa wameona mbali, maana mtu asiyeamka hata ukimtikisa tunasema amelala usingizi wa pono. Taa zikizimwa, Mistari huingia ufa uleule wa kila siku, akatoa ute mdomoni na kuuzungushia mwili wake mzima hadi akawa ndani ya kifuko chembamba, angavu, kama mfuko wa nailoni uliojaa maji. Humo ndani hujilaza ubavu. Nimewahi kumulika tochi yenye mwanga mwekundu saa sita usiku na kumkuta akipumua taratibu, vipande vidogo vya takataka vimenasa kwenye kifuko kama vumbi kwenye utando wa buibui.

Kifuko ni cha nini? Kwa muda mrefu jibu lililozoeleka lilikuwa kwamba huficha harufu yake, wawindaji wa usiku kama samaki mkunga wasimnuse. Mwaka 2011 watafiti waliofanya kazi na pono wenye mdomo wa kasuku huko Australia walionyesha jambo jingine: waliotolewa kwenye vifuko vyao waliumwa zaidi na wadudu wadogo wanyonya damu wanaotoka usiku kuliko walioachwa navyo. Yaani ni chandarua. Ukimweleza hivyo mtoto wa Kisumu au Kilifi, hahitaji maelezo mengine.

Asubuhi utaona kipande cha ute kikielea au kimening'inia jiweni. Si ugonjwa wala uchafu wa pampu. Pampu itakivuta, au kamba watakila.

Mbona anaogelea kama anayepiga makasia?

Ukoo wake wote ndivyo ulivyo. Mwendo wa kawaida hutoka kwenye mapezi ya ubavuni, na mkia hubaki wa kukimbilia tu. Ndiyo maana anaweza kusimama palepale, kurudi nyuma nusu hatua, kuinamia ufa, kisha kupotea kwa kasi ambayo jicho halifuati.

Mwangalie anavyowinda. Husimama mbele ya jiwe, jicho moja likizunguka peke yake, halafu lile jingine. Kioo cha nje cha jicho la samaki wa kundi hili kimegawanyika sehemu mbili, na inaaminika humsaidia kukuza vitu vidogo vilivyo karibu kama lenzi ya fundi saa. Anapodonoa, mara nyingi wewe huoni alichodonoa.

Ni dume au jike?

Kwa macho huwezi kujua kwa uhakika. Rangi zao zinakaribiana sana. Wachanga huanza maisha ya uzazi wakiwa majike, na jike mkubwa anaweza kugeuka dume pale nafasi ya dume inapokuwa wazi. Jambo hili ni la kawaida katika ukoo huu. Kwa msafishaji wa swali la juu, lilielezwa na wanasayansi tangu 1972: dume akiondolewa, jike aliye juu katika kundi huanza kutawala wenzake ndani ya saa chache, na mwili hufuata baadaye.

## Tangi lenyewe

Anahitaji tangi la ukubwa gani?

Watakwambia lita 80 zinatosha kwa sababu samaki ni mdogo. Mwili ni mdogo, eneo analodai ni kubwa. Mimi siweki Mistari chini ya lita 120, na nikiwa na uwezo wa kuchagua huanza na 150 na kuendelea. Mawe yawe mengi, yapangwe yaache vichochoro vya kupita pande mbili. Chumba kisicho na mlango wa nyuma hakimpendezi.

Mchanga si lazima kwake. Baadhi ya ndugu zake hulala kwa kujifukia mchangani na wasipoupata hujeruhi midomo yao kwenye kioo, lakini huyu ana chandarua chake. Mtu akikulazimisha kununua kilo 20 za mchanga "kwa sababu ya Mistari", anauza mchanga.

Naweza kutumia maji ya mfereji?

Moja kwa moja, hapana. Maji ya jiji yana klorini, nayo inaua. Hata ukiyaacha wazi klorini iondoke, kuna vitu vingine vilivyoyeyuka vinavyolisha mwani, na baada ya mwezi tangi litakuwa la kijani kama bwawa la ng'ombe. Maji ya kisima ni mabaya zaidi kwa kazi hii: visima vingi vya Nairobi vinajulikana kwa floridi na madini mengine. Ya lori la maji huwezi kujua yalikotoka.

Tumia maji yaliyopita kwenye mashine ya kuchuja kwa utando, ile inayotumika kutengeneza maji ya kunywa ya kuuza. Vibanda vya kujaza mitungi ya lita 20 viko kila mtaa. Lakini nenda na kipimo chako cha madini mara ya kwanza, maana wengine hawajabadilisha utando tangu wafungue.

Kisha changanya chumvi ya matangi ya bahari, si ya kupikia. Kipimo ni gramu 35 kwa lita, au uzito wa 1.025 kwenye kipimachumvi. Tangi la lita 150 linataka kilo tano na robo kuanza. Ukibadilisha asilimia kumi kila wiki, ni lita 15 na gramu 525. Changanya siku moja kabla, kwenye ndoo isiyowahi kuona sabuni.

Binamu yangu yuko Mombasa. Aniletee maji ya bahari kwa jerikeni?

Anaweza. Ila maji ya kuchotwa ufukweni yana mchanga, mafuta ya mashua na yale yanayotiririka kutoka mitaani, na vijidudu vilivyomo hufa ndani ya jerikeni kabla ya Voi. Ukifungua, harufu itakueleza. Na utahitaji mengine wiki ijayo, na ijayo. Pesa ya kusafirisha jerikeni hizo itakununulia chumvi ya miezi.

Nairobi iko juu sana. Inamdhuru?

Swali zuri, na wachache huliuliza. Jiji liko takriban mita 1,700 hadi 1,800 juu ya usawa wa bahari. Unajua kwamba maharagwe huchelewa kuiva hapa kuliko Mombasa, kwa sababu hewa ni nyepesi na maji huchemka karibu nyuzi 94. Hewa hiyo hiyo nyepesi huingiza oksijeni kidogo majini: kwa joto lile lile, maji ya Nairobi hushika pungufu ya kati ya moja ya sita na moja ya tano kuliko ya pwani. Na maji ya chumvi tayari hushika kidogo kuliko yasiyo na chumvi.

Mistari huvumilia, bora uso wa maji utikisike. Elekeza pampu moja juu ili maji yavunjike kama chungu kinachoanza kuchemka. Usijaze samaki kwa hesabu unazosoma kwenye kurasa za watu wanaoishi kando ya bahari, punguza. Dalili ya shida ni samaki wote kusogea juu alfajiri wakihema haraka.

Hita ni ya lazima?

Ndiyo. Anataka nyuzi 24 hadi 27. Usiku wa Julai chumba kisicho na joto hapa kinaweza kushuka hadi nyuzi 12 au 13, na tangi hufuata. Weka hita mbili ndogo badala ya moja kubwa: moja ikifa, nyingine inashikilia, moja ikikwama ikiwaka, haina nguvu ya kumpika.

Stima ikipotea nifanye nini?

Kwanza, usimlishe. Chakula huoza na kuoza hula oksijeni. Pili, maji yatembee. Ukiwa na pampu ndogo ya hewa ya betri, washa. Usipokuwa nayo, chukua jagi, chota maji ya tangi, inua mkono juu ya kichwa, mimina. Mara kumi, kila robo saa. Nimefanya hivyo usiku kucha nikiwa na mlinzi wa jengo, kwa zamu, na redio yake ikitangaza mpira. Hatukupoteza samaki hata mmoja.

Tatu, baridi. Funika tangi kwa blanketi pande tatu, na chupa za soda zilizojaa maji ya moto zielee ndani, zimefungwa vizuri. Heri joto lishuke polepole kuliko lipandishwe ghafla.

Ale nini?

Mdomo wake ni mdogo kama tundu la sindano ya gunia. Baharini hutafuta wadudu wenye magamba, vikamba visivyoonekana vizuri kwa macho, na konokono wadogo. Mpe kamba wadogo wa kugandishwa wanaouzwa kwa ajili ya samaki. Ukiishiwa, nunua kamba wabichi wasiotiwa chumvi wala viungo, katakata kuliko unavyokata kitunguu cha kachumbari, suuza, mpe kidogo. Mara mbili au tatu kwa siku, kiasi kinachoisha ndani ya dakika mbili.

Mkate, ugali na omena, hapana. Omena hukaushwa nje na huja na mchanga na vumbi lake. Tangi litachafuka na Mistari hatagusa.

Ni bei gani?

Bei hubadilika kila mzigo unapofika, kwa hiyo sitaiandika. Samaki mwenyewe ndiye rahisi kuliko vyote. Taa, pampu, hita, mawe na chumvi ndivyo vitakavyokufanya umwambie mkeo "zilikuwa ofa".

## Majirani zake

Ni kweli ni mkorofi?

Ni kweli, na ndilo jambo ninalotaka ulichukue hata ukisahau mengine yote. Watu hununua rangi, wanapata tabia.

Nilikuwa na tangi katika kliniki moja. Mwenyewe alimtaka Mistari kwanza, nikakubali, kosa likawa langu. Miezi mitatu alikuwa malaika. Kisha tukaingiza samaki mdogo wa mchangani, mpole, rangi ya maziwa. Mistari alisimama mita nusu mbali bila kutikisika. Halafu akaja kwa ubavu, pezi la mgongo limesimama kama bendera, akampita, akageuka, akamdonoa mkia. Mara moja tu. Akarudi mahali pake. Baada ya dakika tano, tena. Jioni yule mgeni alikuwa amejibana kwenye kona juu ya bomba la pampu, mkia umechanika kama leso kuukuu. Daktari wa meno aliniuliza kwa nini nimemletea samaki mwenye woga.

Kanuni ni moja: Mistari huingia wa mwisho. Waache wengine wakae wiki kadhaa, wagawane mawe, kisha yeye aje kama mgeni. Majirani wanaomfaa ni wenye mwili mkubwa kidogo au ngozi ngumu: wale wa machungwa wenye mikanda myeupe, kangaja, kitatange wadogo. Wasiomfaa ni samaki wapole wa chini, wanaokula polepole, na ndugu zake wadogo wa ukoo mmoja.

Nimeshamweka wa kwanza. Sasa?

Kuna njia tatu, na mimi hujaribu kwa mpangilio huu. Mgeni aingie ndani ya kisanduku chenye matundu kilichoning'inizwa humo tangini, akae siku nne au tano. Mistari atamtishia kupitia ukuta hadi achoke. Wakati wa kumfungulia, panga mawe upya ili mwenyeji naye apoteze ramani. Na weka kioo cha kujitazamia nje ya tangi upande mmoja: atashughulika na adui huyo asiyeshindwa huku mgeni akitafuta pa kulala.

Zikishindikana, ni kumtoa. Kumkamata kwa wavu katika tangi lenye mawe ni kazi ya siku nzima na hasira nyingi. Tumia mtego wa chupa: kata shingo ya chupa ya maji, igeuze iingie ndani, weka kipande cha kamba, subiri.

Naweza kuweka wawili?

Katika tangi la sebuleni, hapana. Kwenye tangi kubwa la lita mia kadhaa, watu hufanikiwa wakiweka mkubwa na mdogo siku moja, kwa sababu mdogo anaweza kubaki jike. Hata hivyo, uwe na tangi la pili tayari.

Atakula kamba na kaa wangu?

Kamba wakubwa wa kusafisha hawaguswi, isipokuwa siku wanapojivua gamba. Wadogo kabisa ni chakula chake. Matumbawe yako hayadhuru.

## Mambo yakiharibika

Ameruka nje.

Karibu kila mtu aliye na samaki huyu amewahi kunipigia simu hii. Akishtuka, hasa taa inapozimwa ghafla, huruka. Ukimkuta bado ana unyevu, lowesha mikono kwa maji ya tangi, mwinue, mrudishe, usimsugue. Nimewaona waliofufuka.

Mmoja hakufufuka. Mama mmoja wa Kileleshwa alinipigia: "Fundi, Mistari simwoni tangu juzi." Nikamwambia aangalie nyuma ya mawe. Siku ya tatu dada anayemsaidia kazi alifagia chini ya kabati akamkuta, amekauka kama omena. Nilikuwa nimeacha nafasi ya bomba kwenye kifuniko, upana wa vidole viwili. Tangu siku hiyo nafunika matangi yote kwa wavu wa plastiki wenye matundu madogo, pamoja na nafasi za mabomba. Kifuniko cha kioo kizima sikipendekezi hapa kwetu, kwa sababu ya hewa. Tazama swali la Nairobi kuwa juu.

Ana madoa meupe kama chembe za chumvi.

Huenda ni kimelea kinachoitwa *Cryptocaryon irritans*. Mtoe, mtibu katika tangi tofauti lisilo na mawe wala kamba, kwa sababu dawa za shaba huua kamba, konokono na matumbawe. Pima shaba kila siku na upandishe dozi polepole; ukoo huu una wasiwasi na dawa. Tangi kuu liache bila samaki wiki sita au zaidi, kimelea kikose wa kumshika. Msafishaji hatibu ugonjwa huu, na Mistari pia hatibu.

Nimeambiwa anamaliza minyoo bapa. Kweli?

Wengine ndiyo, wengine huiangalia tu. Hula pia vikonokono vidogo vyeupe vinavyofyonza chaza. Usimnunue kama dawa. Mwenye njaa ya wastani hufanya kazi kuliko aliyeshiba, lakini tabia ni ya samaki mmoja mmoja.

## Bahari na sheria

Nikienda Diani, naweza kumvua mwenyewe?

Hapana. Kuvua samaki wa mapambo ni biashara inayohitaji leseni, na ndani ya hifadhi za taifa za baharini hairuhusiwi kutoa chochote, hata ganda. Usiokote matumbawe pia: matumbawe magumu yamo katika Kiambatisho II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe vya porini. Nje ya sheria kuna akili ya kawaida: samaki ndani ya chupa ya maji, kwenye basi, saa nane za jua.

Basi nimwone wapi akiwa kwao?

Malindi na Watamu, hifadhi zilizoanzishwa mwaka 1968, au Kisite-Mpunguti kwa mashua kutoka Shimoni. Nenda wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, maji yakiwa matulivu na meupe. Kusi likivuma utaona mchanga tu.

Vaa miwani ya maji na usifanye kama watalii wanaokimbiza kasa. Tafuta tumbawe moja la matawi, elea juu yake bila kupiga miguu, uhesabu hadi mia mbili. Kwanza hutaona kitu. Kisha kitu chembamba cha zambarau kitapita kati ya matawi mawili, kitatoweka, kitokee upande ambao hukutarajia, kikuangalie kwa jicho jekundu. Miamba yetu iliumia sana joto la bahari lilipopanda mwaka 1998, na tena 2016, na palipobaki matawi hai ndipo utakapompata.

Nahamia nje ya nchi. Nimrudishe baharini?

Usifanye hivyo, hata kama unajua kwamba alitoka pwani hii hii. Ameishi maji mamoja na samaki kutoka kwingine, na anaweza kubeba vimelea ambavyo mwamba wetu haujawahi kuviona. Nipigie, au muulize aliyekuuzia. Weka mtego wa chupa asubuhi kabla hujamlisha, na kifuniko usikitoe mpaka mimi nifike na ndoo.